Waheshimiwa, kabla ya kutuhesabia watoto

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha, Mipango na Maendeleo ya Uchumi. Mheshimiwa Waziri wa Afya. Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Michezo. Na Waheshimiwa Wabunge wa Jamhuri ya Uganda.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Busia, upande wa Uganda. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tunayoelewana hapa mpakani: Msamia, Mteso, Mganda, Mnubi mwenye duka, dereva wa lori aliyetoka Mombasa. Tena Baraza la Mawaziri lilikubali Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Mimi ni mwalimu wa somo hilo, kwa hiyo msiniambie barua ilikwama kwa kukosa mkalimani.

Nataka kusema juu ya watoto wetu na umaskini wetu. Katika nchi hii nimesikia hotuba za aina mbili, na wakati mwingine zote zimetoka katika kinywa kimoja. Ya kwanza inasema: mnazaa mno, ndiyo maana hamwendelei. Ya pili inasema: watu wengi ni soko, ni nguvu kazi, ardhi yetu ina rutuba, ongezekeni. Zinaonekana kupingana, lakini zote mbili zinamlenga mama wa kijijini, na zote mbili zinampita bila kumgusa yule anayeshika kalamu ya bajeti. Ndiyo maana barua hii nawaandikia ninyi. Mama wa kijijini ameshaambiwa vya kutosha.

Tuanze na hesabu zenu wenyewe. Mwaka 1992/93 watu 56 katika kila 100 nchini walikuwa chini ya mstari wa umaskini. Utafiti wa kaya wa 2023/24 wa Ofisi ya Takwimu ulikuta watu 16 katika kila 100. Katika kipindi hichohicho tulitoka milioni 16.7 kwa sensa ya 1991 tukafika milioni 45.9 kwa sensa ya Mei 2024. Kama kuzaa peke yake ndiko kunakoleta umaskini, basi asilimia ile ingepanda juu. Imeshuka. Anayesimama jukwaani na kusema sisi ni maskini kwa sababu tu tunazaa, amekanushwa na takwimu za serikali yake.

Lakini msipige makofi bado. Asilimia 56 ya watu wa wakati ule ni kama watu milioni 10. Asilimia 16 ya watu wa leo ni kama milioni 7. Maana yake, miaka 30 ya barabara mpya, kahawa, simu za mkononi, mikopo na misaada imepunguza maskini kwa milioni tatu hivi, kwa sababu kila tulipomtoa mmoja, wengine walikuwa wanazaliwa ndani ya nyumba ileile. Na mstari wenyewe wa umaskini uliwekwa miaka ya 1990, uko chini sana. Mtu anaweza kuuvuka na bado akala mlo mmoja kwa siku. Karamoja, kule kaskazini mashariki, hata kwa mstari huo, karibu watu watatu katika kila wanne ni maskini.

Kwa hiyo sidai kwamba idadi haina uzito. Inao. Mwaka 1948 Uganda ilikuwa na watu wasiofika milioni 5. Leo tunaongezeka kwa asilimia 2.9 kwa mwaka, yaani zaidi ya watu milioni moja na laki tatu kila mwaka, na kwa mwendo huo tutakuwa mara mbili baada ya miaka 24 hivi. Uchumi ukikua kwa asilimia 6, nusu yake inaliwa na ongezeko la watu kabla haijamfikia mtu yeyote. Nusu inayobaki haigawanywi sawa, mnajua vizuri kuliko mimi inakoishia.

Uzito huo unaonekana kwanza kwenye ardhi. Panda milima ya Bugisu, au nenda Kabale na Kisoro. Babu alikuwa na shamba, akawagawia wana, wana wakawagawia wajukuu, na leo kijana anaoneshwa matuta machache ya viazi na kuambiwa ndiyo urithi. Hili halikuanza jana. Tangu miaka ya 1940 wakoloni walikuwa wanawahamisha watu wa Kigezi, yaani Kabale na Kisoro hizohizo, kwa sababu mashamba yalikuwa yamebanana, na uhamiaji ule wa kwenda Ankole, Tooro na Bunyoro uliendelea kwa miaka mingi. Sasa hakuna tena kwa kuhamia pasipo na mwenyewe. Wanaobaki wanalima mteremko ambao haukupaswa kulimwa. Machi 2010 mlima uliporomoka Bududa, kule Bugisu, ukazika kijiji cha Nametsi na mamia ya watu. Ukaporomoka tena 2018. Novemba 2024 ikawa zamu ya jirani yake Bulambuli. Watu wale hawakuwa wajinga wa kujenga chini ya udongo unaotembea. Waliishiwa mahali.

Uzito wa pili nauona darasani. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 1997, wanafunzi waliruka kutoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 ndani ya mwaka mmoja. Wengi wameshasahau kwamba mwanzoni serikali ilisema italipia watoto wanne tu kwa kila familia, ikaja kuufungua mlango kwa wote baadaye. Ule wa wanne ulikuwa ndio ushauri wa uzazi wa mpango pekee uliowahi kutolewa pamoja na kitu mkononi. Leo ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 20,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Hebu mwambieni mtu mwenye mtoto katika shule ya kulipia Kampala kwamba amsomeshe kwa fedha hiyo, hata kwa wiki. Sisi wa sekondari tunawapokea waliobahatika kuvuka, na unaingia kidato cha kwanza unakuta vichwa 90 na zaidi, madawati ya watu watatu yanakaliwa na watano. Nusu ya Waganda wako chini ya miaka 18. Mnaposema nusu hiyo ni mtaji, mimi nauliza: umewekezwa wapi?

Sasa nifike kwenye lile linalonifanya niandike. Mnauliza kwa nini maskini wanazaa wengi, na jibu mnalopenda ni kwamba hawajaelimishwa. Utafiti wa afya wa 2016 ulionesha kwamba wanawake wa tabaka la chini kabisa walikuwa na wastani wa watoto 7.1, na wale wa tabaka la juu 3.8. Hapo ndipo wengi wenu huishia kusoma. Ukurasa mwingine wa utafiti huohuo ulisema jambo zito zaidi: wanawake wa Uganda kwa ujumla walitaka watoto 4.3, wakazaa 5.4. Kwa wastani kuna mtoto mmoja na zaidi katika kila nyumba ambaye mama hakumpanga. Huyo hatoki katika ujinga wala mila. Anatoka katika safari ya kwenda kituo cha afya na kurudi mikono mitupu.

Na kwa wale wanne wanaotakiwa kweli, kuna sababu, wala hazina aibu. Mwaka 2000 karibu watoto 150 katika kila 1,000 walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano. Mama aliyezaa wakati ule alizaa akijua kwamba atazika. Mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 52, na hapo nawapongeza kwa moyo mweupe, chanjo na vyandarua vimefanya kazi. Ona kilichofuata: wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulikuwa 6.9 mwaka 2000, ukawa 5.4 mwaka 2016, na 5.2 mwaka 2022. Watoto walipoanza kupona, wazazi walianza kupunguza. Hakuna aliyewafokea. Waliona wenyewe.

Sababu nyingine ni uzee. Mkulima wa Busia hana pensheni. Ruzuku ya wazee ni shilingi 25,000 kwa mwezi, nayo kwa sehemu kubwa ya nchi haimfikii mtu mpaka atimize miaka 80. Umri ambao Mganda anatarajiwa kuishi haufiki 70. Nani alipiga hesabu hiyo? Mmemwekea mtu chakula mahali ambapo mmeshakadiria kuwa hatafika. Basi akijiwekea pensheni yake mwenyewe kwa njia ya watoto saba, akitumaini kwamba wawili watapata kazi na mmoja atamkumbuka, yuko sahihi kuliko mshauri anayemletea bango. Watu wetu husema kila mtoto huja na riziki yake. Ninyi mnacheka msemo huo, lakini kwa mtu asiye na bima, asiye na pensheni, asiye na mkopo usio wa kumfilisi, mtoto ndiye riziki.

Niliposema naishi mpakani sikuwa natafuta kujitambulisha tu. Upande wa pili wa mpaka ni Busia ya Kenya. Wasamia wako huku na kule, Wateso wako huku na kule, tunaoana, tunazikana, tunauziana mahindi na samaki. Mwaka 1977/78 utafiti wa Kenya ulikuta wastani wa watoto zaidi ya 8 kwa kila mwanamke, kati ya viwango vya juu kabisa duniani wakati ule, kutuzidi hata sisi. Mwaka 2022 Kenya ilikuwa na 3.4. Sisi 5.2. Ni mila gani hiyo inayobadilika kwa kuvuka geti la forodha?

Kenya ilianza mpango wa taifa wa uzazi mwaka 1967, ya kwanza kusini mwa Sahara. Sisi chama cha uzazi wa mpango kilikuwapo tangu 1957, miaka kumi kabla yao, lakini kisha zikaja zama za Amin na vita vilivyofuata, zahanati zikabaki kuta, na sera ya taifa ya idadi ya watu haikuandikwa mpaka 1995. Hiyo ni historia, simlaumu yeyote aliyeko ofisini leo kwa hilo. Ila kuna somo la pili kutoka kwa jirani ambalo linawahusu moja kwa moja. Kati ya 1998 na 2003 kushuka kwa uzazi Kenya kulikwama, kutoka 4.7 kukawa 4.9. Watu hawakugeuka ghafla wakapenda familia kubwa. Fedha na macho ya wakubwa yalihamia kwenye UKIMWI, jambo lenye haki yake, na uzazi wa mpango ukaachwa ujiendeshe. Dawa zikakosekana, mimba zikaja. Waliporudisha fedha, takwimu zikaanza kushuka tena.

Sasa sisi tumesimama palepale. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya sindano, vipandikizi na vidonge vilivyofika vituoni vilinunuliwa na wafadhili. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada, na ghafla tukagundua kwamba mpango tuliouita wetu ulikuwa wa mtu mwingine. Hapa kwetu wapo wanawake wanaoambiwa sindano ya miezi mitatu imekwisha, warudi wiki ijayo. Wiki ijayo imekwisha tena. Mwenye nauli anavuka kwenda Kenya. Asiye nayo anarudi nyumbani kwa mume ambaye hajui kwamba alikuwa amekwenda, na hilo peke yake lingehitaji barua nyingine.

Kinachoniudhi ni kwamba ujuzi tunao, tena ni wa hapahapa. Miaka ya 2000 wilaya yetu ya Nakasongola ilikuwa kati ya sehemu za kwanza Afrika kuonesha kwamba mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye si muuguzi, anaweza kudunga sindano ya uzazi wa mpango kwa usalama. Baadaye Uganda ikawa kati ya nchi za kwanza kuwafundisha wanawake kujidunga wenyewe nyumbani. Nchi nyingine zilikuja kujifunza kwetu. Walioujifunza sasa wanautumia, na sisi tuna wahudumu wa vijiji waliofundishwa wanaokaa na mikoba isiyo na kitu.

Julai 2012, kwenye mkutano wa uzazi wa mpango kule London, Uganda iliahidi kuongeza fedha za dawa za uzazi wa mpango kutoka dola milioni 3.3 hadi dola milioni 5 kwa mwaka. Iliandikwa habari kubwa. Lakini gawanyeni milioni 5 kwa wanawake wa umri wa kuzaa nchini, ambao ni zaidi ya milioni 10: ni chini ya nusu dola kwa kila mmoja kwa mwaka mzima. Haifiki bei ya rolex moja, ile chapati yetu ya mayai, pale stendi. Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi kubwa. Na kabla hamjasema fedha hakuna, naomba tukumbuke mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya Karamoja, ambayo mwaka 2023 nchi nzima iliyaona yameezekwa mahali pasipo Karamoja.

Kuna msichana sijamtaja, naye ndiye anayeunganisha mambo haya yote. Katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 24 wameshazaa au ni wajawazito. Takwimu hiyo haijasogea: mwaka 2016 ilikuwa 25. Shule zilifungwa, kabisa au kwa sehemu, tangu Machi 2020 mpaka Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na sisi walimu tulipofungua tulijua kwa kutazama tu nani hatarudi. Anayezaa akiwa na miaka 16 ana zaidi ya miaka 25 ya kuzaa mbele yake, hana cheti, hana kazi, na mtoto wake wa kwanza ataanza shule kabla yeye hajafikisha 25. Mkitaka kuona umaskini na idadi ya watu vikizaana, msiende mbali.

Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo mwaka 2020: mwanafunzi mjamzito aondoke shuleni mimba ikifika miezi mitatu, na aweza kurudi mtoto akifikisha miezi sita. Nashukuru kwa ile nusu ya pili. Ya kwanza nauliza: kwa nini aondoke mapema hivyo, na atarudi na nani anayembebea mtoto? Shule nyingi hazijui mwongozo huo upo, na baadhi ya wakuu wa shule wanaujua na wanaufungia kabatini. Mwongozo wa elimu ya jinsia uliozinduliwa 2018 nao ulipingwa na viongozi wa dini ukabaki pale. Nawaheshimu mashehe na maaskofu wetu, mimi mwenyewe ni mtu wa kusali. Lakini hao 24 katika 100 wamekaa kwenye mikeka yetu na viti vyetu vya ibada, na kimya chetu hakikuwalinda.

Naomba nisieleweke vibaya na wale wanaopenda njia za mkato. India kati ya 1975 na 1977 ilifunga watu uzazi kwa nguvu, hasa maskini, na serikali iliyofanya hivyo ikaangushwa kwa kura mwaka 1977. China iliweka sheria ya mtoto mmoja kuanzia 1980 mpaka 2015, na leo inawabembeleza watu wazae. Mbunge yeyote atakayeleta hoja ya kuwaadhibu wenye watoto wengi, au kuwanyima shule watoto wao, ajue anamwadhibu mtoto kwa kosa la bohari ya dawa.

Ninachoomba si kikubwa. Kwanza dawa za uzazi wa mpango zinunuliwe kwa kodi zetu wenyewe, na mstari huo wa bajeti usikatwe katikati ya mwaka kila kunapotokea dharura ya ununuzi wa magari. Wahudumu wa afya wa vijiji wapewe sindano za kugawa, maana mafunzo wanayo. Ruzuku ya wazee ishuke kutoka miaka 80 hadi 65, hata kama ni kwa hatua. Mlipoanza majaribio mwaka 2010 ilikuwa 65, na 60 kwa Karamoja, kwa hiyo mnajua inawezekana. Na mwongozo wa kumrudisha msichana shuleni ugeuzwe kuwa sheria, wenye adhabu kwa shule inayomfungia mlango, na fedha kidogo ya kulea mtoto wake wakati mama yuko darasani.

Mtauliza fedha zitoke wapi. Kila parishi, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, inapata shilingi milioni 100 kwa mwaka kupitia Mpango wa Maendeleo ya Parishi tangu 2022, milioni moja kwa kila anayepewa, anunue kuku au nguruwe. Siupingi mpango huo, jirani yangu amefaidika. Lakini mwanamke aliyepewa milioni moja, akapata mimba asiyoipanga mwezi wa tatu, akauza kuku kwa ajili ya kujifungua, amesaidiwa nini? Sehemu ndogo tu ya fedha hizo, ikitengwa kwa dawa, ingelinda hao kuku.

Wabunge wetu wa huku mashariki, nawaomba mlete swali hili kwenye kikao cha bajeti kwa jina: ni shilingi ngapi za kodi ya Mganda zimetolewa, si kutengwa, kununua dawa za uzazi wa mpango mwaka huu wa fedha, na zimefika vituo vingapi. Jibu liwekwe kwenye kumbukumbu za Bunge, na fedha zitoke robo ya kwanza, Julai hadi Septemba, si zile makombo za Mei.

Wenu katika kazi ya taifa,
Mwalimu wa sekondari, Busia, Uganda